Viti vya Bibi Eufrasia

Siku mliyoniaga pale ofisini mliniomba niwaandikie kitu kuhusu ukaguzi wa kaya: namna ya kuingia nyumba ya mtu anayeomba msaada wa serikali na kutoka ukiwa umejua ukweli. Nilikubali haraka kwa sababu nilikuwa nimeshiba pilau lenu. Sasa nimekaa na kalamu, na kila nikitaka kuandika kanuni namkumbuka bibi mmoja wa Mbuji. Basi kanuni mtazipata kwa wengine. Vyeo sitavitaja, kwa kuwa vilichelewa kuja, na mishahara mnaijua wenyewe.

Niliripoti Mbinga nikiwa msichana mwembamba kutoka Singida, na sanduku la bati na barua ya uteuzi niliyoikunja mara nyingi mpaka ikaanza kutoboka kwenye mikunjo. Basi la kutoka Songea lilisimama Kitai, watu wakashuka kununua ndizi. Mimi nilibaki dirishani nikiangalia milima. Kwetu ardhi imelala. Huku ilikuwa imesimama wima, na watu walikuwa wameilima hivyo hivyo ilivyosimama. Tulipoikaribia Mbinga niliona miteremko iliyochimbwa mashimo kutoka bondeni hadi kileleni, kila shimo limezungushiwa matuta na mahindi yameota juu ya matuta.

Nilimwuliza mama niliyekaa naye vile ni vitu gani.

"Ngoro," akasema. "Mvua ikinyesha maji yanaingia shimoni, udongo unabaki kwetu."

"Serikali ilileta mashine gani kuchimba kote huku?"

Alicheka mpaka mtoto aliyekuwa mgongoni akaamka. "Mashine hizi hapa," akanionyesha viganja vyake.

Niliangalia kilima kimoja baada ya kingine, nikajaribu kuhesabu mashimo ya kilima kimoja tu nikashindwa. Nawaambia wazi, niliingia Mbinga nikiwa na woga wa heshima kwa watu wale, na woga huo haujanitoka hadi leo.

Ofisi ya ustawi wa jamii ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili na kabati lililofungwa kwa kamba. Vifaa vyetu vilikuwa baiskeli, muhuri, pedi ya wino iliyokauka kila kiangazi, na karatasi za kaboni ambazo Mzee Hyera, mkuu wangu wa kazi, alizitunza kama hati za kiwanja. Alizitumia mpaka ziwe nyeupe. Nikiandika nakala ya tatu na haisomeki, aliniambia nikandamize kalamu kwa nguvu zaidi kwa sababu wanaosubiri majibu wameandikwa kwenye nakala hiyo pia.

Wiki ya pili alinichukua kwenda ziwani, kwa Land Rover ya kuazima. Barabara ilizunguka milima muda mrefu, halafu kwenye kona moja milima ikaisha ghafla, na Ziwa Nyasa likawa limetandazwa chini yetu, bluu mpaka kwenye milima ya ng'ambo. Mimi natoka mahali ambapo maji huja kwa ndoo. Nilisema "Mungu wangu!" kwa sauti, na Mzee Hyera akamwambia dereva asimame.

"Angalia ushibe, mwanangu," akasema. "Tukifika chini kazi ni kuangalia majiko."

Nilidhani anatania. Kumbe ndiyo ilikuwa njia yake. Katika nyumba ya mjane tuliyemfuata kule ufukweni alisalimia, akapewa mbasa wa kuchoma, akamsifu samaki, akasikiliza kila mtu bila kubisha. Halafu aliomba moto wa kuwashia sigara, ingawa havuti, akaenda mwenyewe jikoni. Aliyashika majivu kwa vidole, akaangalia kuni zilizobaki na sufuria iliyofunikwa. Tuliporudi kwenye gari akaniambia, "Mama yule hupika mara moja kwa siku, na jana hakupika. Andika." Alikuwa amejua hayo kwa muda ambao mimi nilikuwa bado nahangaika na mwiba wa samaki.

Mzee Hyera alistaafu miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza biashara, maduka yakaanza kujaa sabuni na watu wakaanza kuvaa mitumba ya kila rangi. Tulifurahi, nani asingefurahi? Lakini pamoja na sabuni yakaja mambo mengine. Chama cha ushirika, kilichokuwa kikiwakopesha wakulima mbolea na dawa za mibuni, kikanyong'onyea. Wakaja wanunuzi binafsi wa kahawa, mwaka huu wapo, mwaka ujao hawapo. Na hospitalini, ambako zamani mgonjwa aliingia na ugonjwa wake tu, ukaanza uchangiaji. Mwenye kuumwa achangie kabla ya kutibiwa. Asiyejiweza alikuwa na haki ya msamaha, lakini lazima kwanza mtu athibitishe kwamba kweli hajiwezi. Mtu huyo akawa mimi.

Fomu ya msamaha ilikuwa ukurasa mmoja. Nusu ya juu ilikuwa ya jina, kijiji na ugonjwa. Nusu ya chini ilikuwa jedwali la mali: paa, viti, vitanda, mablanketi, redio, baiskeli, mifugo. Kazi yangu ilikuwa kufika nyumbani kwa mwombaji, kuona kwa macho na kujaza. Mwisho kulikuwa na maneno mawili ya kuchagua, Anajiweza au Hajiwezi, na kamati ya kijiji ilipaswa kuisoma fomu hadharani kabla mwenyekiti hajatia sahihi.

Siku moja ya Jumatatu akaja ofisini Mama Kolumba, mkulima wa Mbuji, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alikuwa ametembea na barua ya zahanati akiwa ameifunga kwenye pindo la khanga.

"Shikamoo Mama Ustawi," akasema, ingawa alinizidi umri. Nilimkatalia shikamoo yake, nikamwamkia mimi. Akaitikia, akaketi, akafungua pindo.

Barua ilimhusu jirani yake, Bibi Eufrasia. Bibi alikuwa na tezi shingoni, rovu kama wengine wanavyoliita. Kwa miaka mingi lilikuwa dogo na halimsumbui, lakini sasa lilikuwa limekua na kuibana njia ya hewa. Hakuweza kulala. Akilala alikabwa, kwa hiyo aliegemea ukuta mpaka asubuhi. Daktari bingwa wa upasuaji alikuwa anakuja hospitalini mjini kwa siku chache, na majina ya watakaopasuliwa yangefungwa Ijumaa. Mwingine kama yeye angekuja lini, hakuna aliyejua.

"Majirani tumechanga," Mama Kolumba akasema, "ikaishia kwenye vipimo na nauli. Mumewe alikufa, watoto wote wawili amewazika. Mama, anapumua kama filimbi. Ukilala nyumba ya pili unamsikia."

Nilimwambia nitafika Jumatano. Akanishukuru, akaondoka upesi, nami nikadhani ana haraka ya kurudi shambani.

Jumatano lori la mahindi lilinishusha njia panda, nikamalizia kwa miguu, kupanda na kushuka. Nilifika nyumbani kwa Bibi Eufrasia nikiwa na jasho na njaa. Uwanja ulikuwa umefagiwa mpaka unaonyesha mistari ya ufagio. Mbuzi wawili walikuwa wamefungwa pembeni, wamenona. Ndani kulikuwa na viti vinne, kimoja kikubwa cha mikono kilichopakwa rangi ya bluu, vyote vimevalishwa vitambaa vya kufuma. Juu ya meza palikuwa na redio, chupa ya chai na vikombe vyenye maua. Kupitia mlango wa chumbani niliona malazi yaliyotandikwa mablanketi mawili mazito. Nililetewa ugali na kuku.

Bibi mwenyewe alikuwa mdogo kama msichana, shingo imefungwa kitambaa cheupe safi. Filimbi niliisikia. Alizungumza kidogo kidogo, akivuta hewa katikati ya maneno, na kila aliponyamaza alinisukumia bakuli.

"Kula, mwanangu. Umetoka mbali."

Nilikula. Nikafungua fomu, nikajaza. Viti vinne. Meza. Redio. Mablanketi mawili. Mbuzi wawili. Nilivyozidi kujaza ndivyo nilivyozidi kusononeka, kwa sababu nilimwonea huruma, lakini mimi mwenyewe sikuwa na mbuzi hata mmoja wala blanketi la pili. Nilimwambia kwa upole kwamba kwa hali niliyoiona nisingeweza kuandika Hajiwezi, na kwamba labda mbuzi wangeweza kuuzwa. Bibi aliinamisha kichwa, akasema, "Sawa, mwanangu. Asante kwa kufika."

Sikwenda jikoni. Miaka yote ya kufundishwa na Mzee Hyera, na siku ile nilikaa kwenye kiti kizuri, nikala kuku, nikasahau majivu. Naliandika hili ili mnisute.

Nilishuka bondeni, nikavuka mto, nikapanda upande wa pili. Mnaijua milima ile: unatembea saa nzima halafu ukigeuka unaiona nyumba uliyotoka iko mbele yako, karibu kama ungeweza kuirushia jiwe. Nilikaa kupumzika nikageuka.

Nyumba ya Bibi Eufrasia ilikuwa inatoka nje.

Sijui niseme vipi. Kiti cha bluu kilikuwa kinapanda mlima juu ya kichwa cha mwanamke mpana. Viti viwili vilikuwa vinashuka kuelekea kanisani. Redio ilikuwa inakwenda kushoto. Mbuzi walikuwa wanaburutwa na msichana kwenye njia ya juu, wakigoma. Mtu mmoja alikuwa amejitwisha meza, miguu ya meza juu hewani, na nyuma yake alifuata mama mwenye mablanketi. Mwanzoni nilidhani wanamwibia, nikasimama ili nipige kelele. Halafu nikaona hakuna anayekimbia. Kila mmoja alikuwa anapeleka kitu chake nyumbani.

Nilikaa tena chini. Watu kumi au zaidi walikuwa wameacha mashamba yao siku ya kazi, wakabeba vitu vyao bora kuliko vyote kwenye miteremko ile, ili mgeni wa bibi mmoja asikae chini. Na mgeni yule alikuwa ameviandika vyote kwenye fomu na kumnyima bibi pumzi. Nililia, sioni haya kusema. Nililia kwa aibu na kwa kitu kingine kikubwa kuliko aibu, kama siku ile nilipoliona ziwa.

Nikarudi. Bibi Eufrasia alikuwa ameketi juu ya mkeka, mgongo ukutani. Chumba kilikuwa kitupu kiasi kwamba filimbi yake ilirudi mwangwi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umesahau kitu?"

"Ndiyo. Nimesahau kuangalia jiko."

Nikaenda. Majiwe matatu, sufuria moja, jembe moja pembeni. Majivu yalikuwa baridi na machache, ya siku nyingi. Kuku hakupikwa pale. Nikarudi, nikakaa kwenye mkeka karibu naye.

"Bibi, viti viko wapi?"

Akacheka kidogo, kicheko kikamkata pumzi, nikasubiri. "Vimekwenda kwao."

"Mbona hukuniambia si vyako?"

Aliniangalia kama anayemwangalia mtoto aliyeuliza jambo la ajabu. "Ungekaa wapi?"

Mama Kolumba alikuwa amerudi kuchukua chupa ya chai, akanikuta. Nilipomweleza fomu inapima nini, alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mama Ustawi, sisi tulijua unakuja kuona shingo! Shingo si ipo palepale? Viti vinahusu nini na shingo?" Halafu akaanza kulia. "Mimi ndiye niliyepita nyumba kwa nyumba kuviazima. Nimemwua mwenyewe."

Nikatoa fomu mpya, nikasema hakuna aliyekufa, naandika upya nilichokiona sasa. Hapo bibi akaniwekea mkono juu ya karatasi.

"Itasomwa mbele ya watu?"

"Ndiyo, bibi. Kesho, kwenye kamati."

"Basi usiandike nyumba ya Eufrasia haina kiti." Akavuta hewa. "Wasikie kwamba watu wa hapa... walimwacha mwenzao akae chini? Hawa?" Akaonyesha nje, kule viti vilikokwenda. "Hapana. Bora nibaki na shingo yangu."

Nilimbembeleza. Mama Kolumba alimbembeleza kwa sauti ya kwaya. Mkono haukuondoka juu ya karatasi. Ilikuwa Jumatano jioni, orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa, na mwanamke asiyeweza kumaliza sentensi bila kupumzika alikuwa anakataa matibabu ili majirani wasidharauliwe. Nimekutana na wakubwa wengi katika utumishi wangu, wengine wakija na misafara. Sijawahi kujiona mdogo mbele ya yeyote kama nilivyojiona mbele ya bibi yule.

Mwisho nikamwuliza Mama Kolumba, "Kiti cha bluu ni cha nani?"

"Changu."

Nikaandika. Nikamwuliza viti viwili, redio, meza. Akanitajia mmoja mmoja, nami nikaandika mmoja mmoja. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akauondoa mkono wake taratibu.

Kesho yake asubuhi kamati ilikutana katika darasa la shule. Bibi aliletwa akaketishwa mbele. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mbunda, mtu mkavu asiyependa kupotezewa muda, alivaa miwani akasoma kwa sauti ya mkutano.

"Mali zilizoonekana nyumbani kwa mwombaji. Kiti kikubwa cha bluu, mali ya Kolumba, kilicholetwa ili mgeni akae. Viti viwili, mali ya katekista, vilivyoletwa ili mgeni akae. Kiti kimoja na meza, mali ya fundi cherehani. Redio, mali ya balozi wa nyumba kumi. Mablanketi mawili, mali ya mkunga. Kuku mmoja, mali ya Kolumba, ambaye mwandishi wa fomu hii amekwisha kumla." Watu wakacheka. "Mbuzi wawili, mali ya..."

Akaisogeza karatasi karibu na miwani, kisha akamgeukia mkewe aliyekuwa amekaa dirishani.

"Mali ya mwenyekiti wa kijiji," akamalizia.

"Ulikuwa safarini," mkewe akasema. "Ningekuuliza saa ngapi?"

Darasa zima likaangua kicheko, na Mzee Mbunda mwenyewe akashindwa kujizuia. Kilipotulia akasoma mstari wa mwisho. "Mali ya mwombaji mwenyewe: mkeka, sufuria, jembe, rozari." Hakuna aliyecheka tena. Waliotajwa walikuwa wamekaa wima kama watu walioitwa mbele kupewa zawadi, na bibi alikuwa anawaangalia mmoja baada ya mwingine. Mwenyekiti akatia sahihi bila kuuliza swali hata moja, akanikabidhi karatasi kwa mikono miwili.

Lori siku ile halikuwapo. Walimbeba bibi kwa machela, wanne wanne wakipokezana, na wale wanne walipochoka walikuwepo wengine wanne wakisubiri kwenye kona bila mtu kuwaita. Mimi nilitembea nyuma na mkoba wangu, sina msaada wowote, nikisikiliza ile filimbi ikipanda na kushuka na miteremko. Njia panda tulipata gari. Jina la bibi liliingia kwenye orodha Ijumaa asubuhi, la mwisho kabisa, chini ya mstari ambao karani alikuwa amekwisha kuupiga.

Alipasuliwa Jumatatu. Nilizuiwa kumwona siku za mwanzo, nikawa napita getini kila nikitoka kazini kuuliza tu kama yu hai. Siku niliporuhusiwa ilikuwa mchana, wodi imejaa joto na wagonjwa wengi wanazungumza. Mama Kolumba alikuwa amesimama kando ya kitanda, na aliponiona akaweka kidole mdomoni.

Bibi Eufrasia alikuwa amelala. Alikuwa amelala chali kabisa, na mto mmoja, mikono imeachiliwa pembeni, bendeji nyeupe shingoni na mdomo wazi kidogo.

"Tangu asubuhi," Mama Kolumba akaninong'oneza. "Muuguzi ameleta uji mara mbili, nimemkatalia kumwamsha. Hebu sikiliza."

Niliinama karibu na uso wake nikasikiliza. Pumzi yake ilinigusa shavuni, lakini hapakuwa na sauti yoyote.